Sukari yangu inayumba kwa sababu ya tumbo, si ulafi

Mhariri,

Makala ya hivi karibuni katika ukurasa wenu wa afya imetusema sana sisi wagonjwa wa kisukari tunaodunga insulini, dawa ya kushusha sukari kwenye damu. Kwa maelezo ya mwandishi, ukimwona mtu anachoma sindano kila siku na sukari yake bado inapanda na kushuka, ujue huyo anakula kwa kujificha. Makala hiyo ilisomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, nami nimekaa pale pale na kikombe changu cha kahawa chungu. Macho yote yakanigeukia. Shemeji yangu akacheka, akanisogezea sahani ya kashata, eti nisione haya.

Mimi ni karani mstaafu wa bandari. Kisukari ninacho zaidi ya miaka ishirini. Nilianza na vidonge, sindano zikafuata. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mizigo, na tabia ya kuandika haijanitoka hata leo. Kila ninachokula na kila ninachopima kinaingia daftarini, na saa yake pembeni. Basi ninapomjibu mwandishi wenu namjibu kwa daftari, sina hasira. Au tuseme hasira ipo, lakini nayo ina ushahidi.

Zamani nilikuwa natumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30 kwa 70, yenye ukungu mweupe, ambayo lazima kwanza uiviringishe viganjani ndipo uivute kwenye bomba la sindano. Maelekezo yalikuwa kudunga nusu saa kabla ya kula. Nikadunga, nikala. Ukurasa mmoja wa daftari unasema hivi: mchana wali na maharage, sahani imekwisha. Baada ya saa moja, jasho, mikono inatetemeka, mashine ya kupimia sukari inasoma 3.1. Wenye kisukari wanajua kwamba chini ya 4 ni hatari. Sasa niambieni, mtu katoka kumaliza sahani ya wali, sukari imeshukaje? Mke wangu kanipa soda, nimepata nafuu. Saa nne usiku, bila kutia kitu kingine mdomoni, mashine inasoma 17, juu mno.

Nilipolipeleka daftari hilo kliniki, muuguzi aliangalia namba za usiku tu.

"Mzee, usiku unakula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu. Tazama hapo, nimeandika."

"Mashine haisemi uongo, baba."

Dozi ikaongezwa. Na dozi ilipoongezwa, ile sukari ya kushuka mchana nayo ikazidi, kwa sababu namba ya usiku na namba ya mchana zilikuwa zinatoka kwenye sahani moja ya wali, ila hakuna aliyezisoma pamoja. Sitaji kliniki wala muuguzi. Alikuwa na foleni ya watu mpaka mlangoni, na bila shaka amewahi kuwaona wagonjwa wanaokula kwa kujificha kweli.

Wakati huo huo tumbo lilikuwa na kesi yake. Tonge tatu nne nimeshiba. Tumbo linajaa, kichefuchefu kinakuja, asubuhi naamka na ladha ya chakula cha jana. Kutapika nako kukaanza. Hapo kila mtu akawa daktari: ni vidonda vya tumbo, mzee. Nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nikameza. Nikaambiwa ninywe maji ya kabichi, nikanywa. Mwarobaini sikuujaribu, maana uchungu niliokuwa nao ulinitosha. Mjini kwetu ukishika tumbo mbele za watu, vidonda vimeshakupata kabla hujafika hospitali. Na kweli vipo, vina watu wengi, na kuna bakteria wake anayepimwa na kutibiwa. Lakini yangu hayakuwa hayo.

Aliyelifungua jambo hili ni daktari kijana ambaye hata mashine hakuishika kwanza. Aliuliza swali moja: "Mzee wangu, ukitapika, unatapika chakula cha saa ngapi?" Mke wangu akanitangulia kujibu: "Juzi usiku katapika maharage ya mchana, mazima, kama alivyoyameza."

Daktari akaweka kalamu chini. Akanipa barua ya kwenda kufanyiwa kipimo cha kamera, kuhakikisha hakuna kilichoziba njia ya kutokea chakula. Nililala njaa usiku mzima kama nilivyoagizwa. Asubuhi kamera ikashushwa kooni (si jambo la kutamani, lakini linavumilika), na njia ikaonekana wazi, hakuna kidonda wala uvimbe. Ila tumboni chakula kilikuwa bado kimekaa. Nilionyeshwa picha baadaye: mbegu za nyanya na maganda ya maharage, baada ya usiku mzima wa kufunga.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita gastroparesisi, yaani tumbo kulegea na kuchelewa kupitisha chakula. Kuna neva kubwa iitwayo vagasi inayotoka kwenye ubongo na kuliamuru tumbo lisage na kusukuma. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaweza kuharibu neva za miguu, na hilo kila mgonjwa ameambiwa, ndiyo maana tunakaguliwa nyayo. La neva za tumbo wengi wetu hatujaambiwa. Tumbo lenye afya husaga chakula mpaka vipande visizidi milimita mbili hivi, ndipo hukipitisha kwenda utumbo mdogo, ambako sukari huingia kwenye damu. Tumbo lililolegea halisagi sawasawa, wala halisukumi kwa wakati.

Waliofanya kazi bandari ya Tanga kabla kina cha gatini hakijaongezwa watanielewa upesi. Meli kubwa haikuweza kusogea gatini. Ilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari. Ukiita makuli asubuhi na tishari la kwanza likafika alasiri, makuli wameshinda bure, wamelipwa, wamekwenda zao, na mzigo unapofika hakuna wa kuupokea. Ndivyo ilivyokuwa ndani yangu. Insulini imeingia kazini saa saba mchana, wali umetia nanga tumboni mpaka magharibi. Insulini haikuti sukari mpya, inashusha ile kidogo iliyopo, natetemeka. Baadaye wali unashuka, ile sehemu ya haraka ya insulini imeshaishiwa nguvu, sukari inapaa. Na kuna kero juu yake: sukari ikiwa juu, yenyewe nayo inalichelewesha tumbo zaidi.

Ndugu mwandishi, huyo mtu wako anayekula kwa kujificha saa nne usiku ni huyu karani. Alikula saa saba mchana, hadharani, mbele ya mkewe.

Nikahamishiwa insulini ya muda mrefu, iitwayo glajini, iliyoanza kuingia hospitalini huko duniani mwaka 2000. Naidunga mara moja kwa siku, asubuhi, na kazi yake inaenea kwa saa 24 hivi bila kuwa na wakati wa kupanda sana. Haingojei chakula. Ini la mwanadamu linatoa sukari usiku na mchana hata ukiwa umefumba mdomo, na hiyo ndiyo inayoshughulikiwa na glajini. Sukari ya chakula ina insulini yake nyingine, ya haraka, kidogo kidogo, nami naambiwa niidunge baada ya kula, nikishapima na nikishaona kilichoingia kimekaa, sijakitapika. Dozi zangu siziandiki hapa, makusudi. Nawajua watu wa mjini kwetu, kesho nitasikia mtu kanakili dozi ya mzee wa gazetini.

Hizi mbili zote ni maji maang'avu. Ile ya zamani yenye ukungu ilijitambulisha yenyewe. Hizi za sasa, usiku umeme ukikatika, huijui ipi ni ipi. Kalamu ya glajini, yaani sindano yake yenye umbo la kalamu, nimeizungushia ule mpira mwekundu wa kufungia noti, nikiupapasa tu najua. Pia wasije watu wakazichanganya kwenye bomba moja kama tulivyozoea zamani. Glajini haichanganywi na nyingine. Kuhifadhi ni kama insulini zote: ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, na iliyoanza kutumika isizidi siku 28, tena pahali pa baridi, si juu ya kabati la bati.

Lipo jambo moja la hatari ambalo mtaani linasemwa kwa nia njema: "Leo hujala, usidunge." Kwa insulini ya chakula, ni sawa. Kwa ile ya muda mrefu, kuacha kwa kujiamulia ni balaa, na kwa wenye kisukari aina ya kwanza, vijana wetu hawa, ni kifo. Mtu anayetapika kutwa bado ini lake linatoa sukari. Mwili usipopata insulini unaanza kuunguza mafuta na kumwaga asidi kwenye damu. Utamwona anahema kwa nguvu, pumzi ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Dozi huenda ikapunguzwa, ndiyo, lakini apunguze daktari, si jirani.

Na sitaki mtu adhani glajini iliniponya tumbo. Tumbo ni lile lile. Kilichopungua ni yale mashuko ya ghafla baada ya chakula. Bei yake nayo ni mtihani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini za muda mrefu za namna hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mimi yangu bado nailipia mfukoni, na mwezi ambao pensheni imechelewa nyumba nzima inalijua hilo.

Sasa chakula, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo ninapoteseka kila siku. Kwenye ukuta wa kliniki kuna picha ya sahani ya mgonjwa wa kisukari: ugali wa dona, maharage, mboga za majani tele, tunda na ganda lake. Kwa walio wengi ni ushauri mzuri na asiuache mtu kwa sababu yangu. Lakini tumbo langu halimudu makapi wala mafuta. Dona linakaa. Kisamvu kinakaa. Makande usiyataje. Nazi nayo, kwa kuwa mafuta huchelewesha tumbo, nimeambiwa niipunguze mpaka karibu na kuiacha. Kumwambia mtu wa Tanga ale wali usio na nazi, samaki asiyepakwa nazi, na mhogo wa kuchemsha mtupu, hiyo si dozi, ni adhabu. Mke wangu alinipikia chukuchuku ya samaki changu siku ya kwanza akanitazama kama anaomba msamaha.

Nakula mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo. Uji mwepesi, viazi vya kupondwa, samaki wa kuchemsha aliyetolewa ngozi na kuchambuliwa, supu iliyochujwa, papai lililopondwa kwa uma. Vya majimaji vinashuka vizuri kuliko vigumu, lakini navyo vipimwe, kwa sababu uji ukishuka upesi na sukari yake inapanda upesi. Machungwa ya Muheza, ambayo kwetu ni kama maji ya kunywa, siyatafuni tena. Zile nyuzinyuzi zake kwenye tumbo lililolegea zinaweza kujikusanya zikawa donge lisilotoka. Nikishakula silali. Natembea taratibu mpaka barabara ya pili yake na kurudi, watoto wananiamkia, naitikia marahaba mpaka mdomo unakauka.

Muuguzi anayenikuta na uji na viazi ananigombeza kwamba nafuata lishe mbaya. Nina barua ya daktari kwenye mfuko wa shati, nimeikunja mpaka imechanika mikunjo. Ndiyo kinga yangu.

Mnaokaa na watu kama sisi, na hili mliweke karibu: sukari ikinishuka, usinipe mkate. Usinipe andazi, wala kashata, shemeji. Vyote hivyo vinabaki tumboni wakati mimi nazimia. Nipe cha kunywa: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Hizi soda zilizoandikwa hazina sukari hazisaidii kitu. Subiri dakika 15, nipime tena, na kama bado iko chini rudia. Na kama nimepoteza fahamu, usinimiminie kitu mdomoni, tafuta gari.

Maduka ya dawa nayo nina neno nayo. Metoklopramidi ni dawa ya kweli, inalisukuma tumbo, nami nimewahi kuandikiwa kwa muda mfupi. Lakini dukani nimeuziwa bila kuulizwa hata jina, na yule kijana akaniambia nikiona inafaa niendelee nayo tu. Ikinywewa kwa muda mrefu inaweza kumfanya mtu atafune hewa, ulimi utoke, uso ucheze bila amri yake, na hali hiyo inaweza isirudi nyuma. Marekani waliweka onyo kali juu ya hilo mwaka 2009, isizidi wiki 12. Ulaya mwaka 2013 wakabana zaidi, siku tano. Sisi tunauziwa kama peremende. Na hizi sindano mpya za kisukari zinazosifiwa kwa kupunguza mwili, nasikia mabinti wanaulizana, nazo zinalichelewesha tumbo kwa namna zinavyofanya kazi. Mwenye tumbo kama langu akae mbali nazo, au amuulize daktari wake kwanza.

Vilevile si kila tumbo la mgonjwa wa kisukari ni hili. Metformini, vidonge ambavyo karibu sote tumepitia, huleta gesi na kuharisha kwa wengi, na ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini. Ndiyo maana nasema watu waulizwe.

Ramadhani inakuja kila mwaka na maneno yake. Mimi nimezuiwa kufunga. Imamu wetu hakuwa na tatizo, alinisomea mwenyewe aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara, mgonjwa ana ruhusa, na fidia natoa. Tatizo ni wenzangu wa rika wanaotuona tumedhoofika imani, mpaka mzee mwenzangu mmoja mwenye insulini akaona haya akafunga. Akafuturu kama tunavyofuturu Tanga: mihogo ya nazi, tambi, magimbi, kaimati juu yake, na sindano ya mchanganyiko kabla. Sijui tumbo lake likoje. Najua tu kwamba alikutwa msalani kaanguka baada ya tarawehe, sukari iko chini, tumbo limejaa futari. Alipona, alhamdulillahi. Watu wakasema ni uzee.

Kwa hiyo naomba mambo machache kupitia gazeti lenu. Kliniki za kisukari zinatuuliza miguu, macho na shinikizo la damu, na zinafanya vyema. Waongeze swali la tumbo: unashiba upesi, unatapika, unatapika cha saa ngapi, na sukari inashuka kabla ya chakula au baada yake. Ni maswali yasiyohitaji mashine wala vitendanishi. Daftari la mgonjwa lisomwe mchana na usiku pamoja. Anayeshuka baada ya kula na kupanda saa kadhaa baadaye apelekwe akaangaliwe kabla hajaongezewa dozi. Picha ya ukutani ibaki, ila chini yake paandikwe kwamba mwenye tumbo linalochelewa aonane na mtaalamu wa lishe apangiwe yake.

Na ukurasa wenu wa afya umtafute daktari wa tumbo na daktari wa kisukari, wakae pamoja, waandike jambo hili kwa urefu wake kuliko nilivyoweza mimi, maana mimi ni karani tu. Mwandishi wa ile makala akipenda kuliona daftari, nyumbani anakaribishwa. Aje asubuhi au alasiri. Saa saba mchana nakuwa na uji wangu mezani, na nikianza kuongea unapoa.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga